Mkono Chini ya Mfarishi

Mama alinituma kwa Bi Zillah jioni, wakati kondoo wanashushwa kutoka mlimani na upepo umeanza kuuma masikio. Nilimwambia siendi. Akaniambia nitakwenda, na nisithubutu kurudi bila ua.

Ua lenyewe ni la kitambaa. Kwetu Harsgill, msichana akichumbiwa, kila nyumba humpa ua moja kwa ajili ya mfarishi wa kitanda chake: kiraka kimoja cha pembe sita katikati, vingine sita vimekizunguka, vyote vimekunjwa juu ya karatasi ili kona zikae sawa. Maua yote huunganishwa, hutiwa sufu ya kondoo na bitana, kisha hushonwa kwa mkono mpaka yawe kitu kimoja kizito cha kujifunika wakati wa baridi yetu. Mdogo wangu Lois alikuwa ameshapewa maua na kijiji kizima. Ilibaki nyumba moja, na nyumba hiyo ilikuwa na kila sababu ya kutuchukia.

Bi Zillah Nattrass alikuwa na binti, Phoebe, mchumba wa Cuthbert. Phoebe akaugua kifua, akafa kabla ya harusi, maua ya mfarishi wake yakiwa bado kapuni. Nyasi hazijashika vizuri juu ya kaburi, Cuthbert akaanza kumsindikiza Lois kutoka kanisani. Simtetei. Ni mwanamume wa kuegemea mlango wowote ulio wazi. Lakini Lois alimpenda, na mimi nilimpenda Lois, kwa hiyo nilikuwa nikimmeza huyo shemeji kama dawa chungu.

"Nyumba ikirukwa, itanuna," Mama alisema. "Na yule mama akinuna, sitaki kujua kitakachofuata. Mchawi mpe mwana amlee, Tamar. Hujasikia?"

"Nimesikia. Sijasikia mwana alirudi vipi."

"Vaa shali yako uende."

Nyumba ya Bi Zillah iko juu, peke yake, karibu na machimbo yaliyofungwa. Hakuna mbwa. Hakuna kuku. Sauti pekee niliyoisikia ilikuwa maji yakidondoka ndani ya mashimo ya zamani.

Tup... tup... tup...

Sikubisha. Mlango ulifunguka nikiwa bado nainua mkono.

Harufu ikanipiga puani. Mafuta ya bata bukini yaliyochanganywa na siki. Ndiyo dawa tunayompaka mgonjwa wa kifua, kila usiku, mpaka apone au afe. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa anaumwa kifua tena.

"Umechelewa," Bi Zillah alinong'ona. "Tumekungoja."

Nilichungulia nyuma ya bega lake. Moto mdogo. Kiti kitupu karibu na moto. Mezani, vikombe viwili vya chai... vyote viwili vikitoa mvuke.

"Nimekuja kuchukua ua la Lois."

"Najua. Keti."

"Nitasimama."

"Nyinyi watoto wa Peart," alisema polepole. "Midomo kama nyembe. Haya, simama."

Akatoa ua mfukoni mwa aproni yake. Lilikuwa la bluu yenye vidoadoa vyeupe, moyo wake wa njano. Nililigeuza upande wa nyuma kutafuta mishono. Ilinibidi nilisogeze karibu na moto ndipo niione. Mimi ni mshonaji, na wivu ulinichoma hata pale.

"Kazi ya nani hii?"

"Yake. Alilishona kitandani, siku za mwisho. Alilikusudia liwe la katikati." Akanifunga vidole juu ya lile ua. "Mwambie mdogo wako asilipeleke ukingoni. Ukingoni halitatulia."

Ningelikataa. Lakini kwetu ua likitolewa halikataliwi. Kulikataa ni kumtemea mtoaji usoni, na bibi harusi aliyetema hivyo hana watakaomshonea wala watakaokuja kumzalisha. Bi Zillah alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Niliondoka bila kuaga, na hakunifunga mlango mgongoni. Nilisikia harufu ile mpaka darajani.

Lois alilipokea kwa mikono miwili.

"Tazama, Tamar. Mimi nikishona mpaka nizeeke sitafika hapa. Masikini Phoebe."

"Liweke pembeni kabisa, karibu na miguu," nilisema.

"Ua zuri kuliko yote niliweke miguuni? Watu watasema nini?"

"Litakaa katikati," Mama aliamua. "Bi Zillah akija harusini aone tumemheshimu. Yaishe."

Cuthbert alikuja kunywa chai jioni ya pili. Alipoliona ua, kikombe kikaanza kugonga kisahani chake.

"Unakijua kitambaa hiki, shemeji?" nilimwuliza.

"Kitambaa cha bluu kiko kila mahali."

"Na mikono kutetemeka je, nayo iko kila mahali?"

"Tamar," Mama akanionya.

Cuthbert akasema baridi imezidi, akaaga mapema. Kama angekuwa mwanamume wa kweli angesema pale pale kwamba kile kilikuwa kitambaa cha gauni alilovaa Phoebe siku aliyomchumbia. Alikuja kulisema baadaye sana, wakati halikuwa na faida kwa mtu.

Tukaunganisha maua yote, tukachomoa karatasi, tukatandika bitana, sufu na viraka, tukavikaza kwenye fremu iliyojaza sebule hata tukawa tunapita kwa kujibana ukutani. Asiyejua kazi hii anadhani inafanywa kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia uko juu, unasukuma sindano. Wa kushoto unakaa chini ya mfarishi, hauonekani, unangoja ncha iguse kidole ndipo uirudishe juu. Mshonaji mzuri hainami kuangalia. Mkono wa chini unajua kazi yake.

Kuzunguka ukingo tunashona kamba, mistari inayosokotana pande zote bila kukatika. Pale ncha za kamba zinapokutana, mshono wa mwisho ni wa bibi harusi peke yake. Anayefunga kamba ndiye mwenye kitanda. Hata mke wa mchungaji, anayecheka mambo haya kila Jumapili, alifunga yake mwenyewe na hakumruhusu mtu kusogea.

Jioni tuliyoanza kamba, Lois akakohoa.

Asubuhi yake alikuja jirani yetu, Bi Thomasin, kutusaidia. Akavaa miwani, akainamia kona iliyokuwa haijaguswa tulipokwenda kulala.

"Nani alikaa upande huu jana?"

"Hakuna mtu," nilisema.

"Basi huyo Hakuna Mtu ana mkono mzuri kuliko wako, binti. Mwulize alifundishwa wapi."

Mama alicheka. Nilijongea kuangalia. Kamba ilikuwa imeendelea kipande kizima, mishono midogo, iliyokaa sawa, na nilikuwa nimeiona mahali. Niliigusa.

Kila kulipokucha kamba ilikuwa imesogea. Na kila iliposogea, Lois alidhoofu. Kwanza akaacha kushuka sebuleni. Kisha akaacha kula, hata mkate wa shayiri uliochovywa kwenye maziwa. Tulimwekea matofali ya moto miguuni, tukayafunga kwa vitambaa, na bado mikono yake ilikuwa baridi, kila siku baridi kuliko jana. Mama akaanza kumpaka mafuta ya bata bukini na siki. Harufu ile ikaingia nyumbani kwetu, ikakaa.

Nilimwambia Mama tuutoe mfarishi kwenye fremu, tuuchome. Akaniuliza kama nataka kumwua mdogo wangu kwa kumwonyesha tumemkatia tamaa. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na Mama kwa ukaidi wake, na Cuthbert aliyekuwa anasimama mlangoni na kofia mkononi bila kuingia, na huyo mama wa kule juu na vikombe vyake.

Jioni moja Mama alikwenda kisimani. Nilikaa kwenye fremu peke yangu. Nilifikiri, kama kamba lazima iende, basi iende kwa mkono wangu.

Nilisukuma sindano chini. Nikangoja ncha kwenye kidole.

Haikufika.

Sindano ikarudi juu yenyewe.

Nilitulia. Nikasikia moto ukipasuka... na pumzi. Si yangu. Nikasukuma tena. Sindano ikapokelewa, uzi ukavutwa, ukakazwa, ncha ikachomoza. Mshono mdogo, mdogo kuliko wowote niliopata kushona.

Nikapeleka mkono wa kushoto mbele, taratibu, chini ya mfarishi.

Vidole.

Baridi. Vikavu. Kidole cha shahada kilikuwa na sugu pale sindano inapomchoma mshonaji kila siku. Vikanipapasa kiganja, vikapanda mpaka kwenye kifundo, vikitafuta mimi ni nani. Vilipojua, vikanisukuma. Kwa chuki. Vilinisukuma kama unavyomsukuma mtu aliyekalia kiti chako.

Niliinama kuchungulia chini ya fremu. Magoti yangu. Sakafu. Harufu ya siki.

Nikashika mkasi. Nikaupeleka kwenye lile ua la katikati, nikakata uzi mmoja tu. Juu, chumbani, Lois alipiga ukelele. Nilipofika kitandani damu ilikuwa inamtoka puani, imeloanisha mto. Mkasi nikautupa.

Sikumngoja Mama. Nilipanda mlima bila shali.

Bi Zillah alikuwa anamenya viazi. Mezani, vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kikavu, ndani kimeshika vumbi.

"Mwondoe binti yako nyumbani kwetu," nilimwambia.

"Binti yangu yuko makaburini. Ulikuwepo. Ulivaa buti zenye matope."

"Anamwua Lois."

"Anamaliza kazi yake. Phoebe hakupenda kitu kiachwe njiani." Ganda la kiazi likaanguka. "Ni nyinyi mnaopenda kuchukua vitu vya watu vikiwa njiani."

"Mwambie aache."

"Nilimwambia apone, hakupona. Unadhani ananisikiliza?"

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, niliangalia kile kisu mkononi mwake nikafikiri mambo mabaya.

"Akifunga kamba yeye, itakuwaje?"

"Anayefunga kamba ndiye mwenye kitanda. Ndivyo mnavyosema wenyewe, na kitanda kina mtu wa kulala ndani yake."

"Na Lois akiifunga?"

Kisu kikasimama. Kwa mara ya kwanza aliniangalia machoni.

"Basi mwanangu atarudi kulala alikolala. Mkamfungishe, kama bado ana mkono wa kufunga."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. Nilimchukia zaidi kwa machozi yale. Huwezi kumlilia mtoto wako kwa kumzika wa mwenzako.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama kila kitu. Nilitegemea anikemee. Alikwenda kwenye fremu, akapima kwa macho pengo lililobaki kwenye kamba. Lilikuwa la upana wa kidole. Uso ukamsawijika.

"Tumteremshe sasa hivi," alisema. "Nje bado kuna mwanga."

Lois alikuwa mwepesi. Tulimkalisha kwenye kiti chenye mito, tukamwekea subana kidoleni, ikamlegea. Nilimtungia uzi. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka begani kwangu.

"Nishone wapi, Tamar?"

"Hapa. Mshono mmoja tu, kipenzi. Mmoja."

Mkono wake wa kulia ukashika sindano. Wa kushoto nikauingiza chini ya mfarishi, mahali pake. Akasukuma.

Sindano ikazama. Uzi ukafuata.

Ukasimama.

"Kuna mtu anaivuta," Lois alinong'ona. "Tamar... kuna mtu huku chini."

Fremu ikatikisika. Mfarishi ukavimba kutoka chini, ukashuka, ukavimba tena. Mama akaanza kusali kwa sauti, maneno yakigongana. Mimi nikapiga magoti, nikatumbukiza mikono yote miwili chini ya kile kitambaa.

Kulikuwa na mikono miwili mle. Ilikuwa inapigania sindano.

Mmoja ulikuwa wa joto. Wenye nguvu, wenye jasho, mkono wa mtu mzima wa afya. Mwingine ulikuwa baridi. Mwembamba, mkavu, unakwaruza kwa kucha.

Wafu ni baridi. Nani asiyejua hilo?

Niliukamata ule wa baridi kwenye kifundo, nikauvuta chini kwa uzito wangu wote. Ukapigana. Ukajipinda, ukanichana. Nikaubana sakafuni kwa goti.

"Tamar..." sauti ya Lois ilikuwa inakatika. "Tamar... mkono..."

"Ninao. Nimeushika. Shona wewe. Shona!"

Sindano ikachomoza juu.

Uzi ukakazwa. Fundo likapigwa. Nikasikia meno yakikata uzi... kap.

Mkono wa baridi ukaacha kupigana. Ulilegea wote mara moja ndani ya vidole vyangu, na kisha sikuwa nimeshika kitu.

"Nimemaliza," alisema Lois.

Sauti yake ilikuwa safi. Hakukohoa. Mama alimkumbatia akalia, na mimi nikabaki sakafuni nikicheka peke yangu kwa sababu tulikuwa tumeshinda.

Usiku ule alilala bila tofali la moto. Asubuhi alishuka mwenyewe, mashavu yana rangi, akala nyama ya nguruwe ya kukaanga na mayai, akaomba tena. Mama alikuwa anazunguka meza kama amelewa kwa furaha. Lois akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua mkate, mkono wa gauni ukapanda.

Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama nyeusi za vidole.

Niliziangalia muda mrefu. Nilijua vidole vile. Niliweka vyangu mezani mbele yangu nikavilinganisha, kimoja kimoja, na nikakumbuka matofali yote yale ya moto ambayo hayakuwahi kuipasha mikono ya mdogo wangu. Na ule mwingine, uliokuwa na joto lake. Ule niliouacha ushone.

Aliona ninachotazama. Akaushusha mkono wa gauni.

"Asante kwa chakula, Bi Peart," alimwambia Mama.

Mama akaangua kicheko. Alidhani mtoto anafanya mazoezi ya adabu za mke wa mtu.

Walioana kabla ya theluji. Bi Zillah alikaa kiti cha mbele, na bibi harusi alipotoka madhabahuni alimbusu yeye kwanza. Watu walisema ni moyo mzuri huo. Cuthbert alikuja kwangu nyuma ya kanisa, mweupe kama mshumaa, ndipo akaniambia habari ya gauni la bluu. Nilimwambia aende nyumbani kwa mke wake.

Kijijini wanasema nina kijicho na ndoa ya mdogo wangu. Waseme. Kila Jumatatu nakwenda kumsaidia kufua, na ananipokea vizuri, ananipa chai, anaongea nami mambo ya mvua. Akishuka kisimani, napanda chumbani kwao. Kitanda kimetandikwa. Natia mkono wa kushoto chini ya mfarishi, chini ya lile ua la katikati, nangoja.

Vidole huja. Baridi. Vinanipapasa kiganja, vinapanda mpaka kwenye kifundo, vinanijua. Havinisukumi. Vinaning'ang'ania, na mimi navishika, na tunakaa hivyo, mimi na mdogo wangu, mpaka mlango wa chini ulie.

Zamani vilikuwa vinakuja mara moja. Siku hizi inanibidi niite.

Jumatatu iliyopita niliita, nikaita tena, kiganja changu kitupu, mpaka nikasikia ndoo ikitua mlangoni.